Tuwaache Watoto Waunde Magari, na la Polisi Pia



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wa hapa Buyenzi, na ninyi mnaotusoma mkiwa Kigali, Bukavu na Kampala, leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: magari ya watoto. Hatukusudii yale yanayonunuliwa dukani yakiwa tayari, yakavunjika kabla ya wiki kwisha. Tunakusudia magari ambayo mtoto huyaunda mwenyewe kwa kipimo, kipande kwa kipande, kisha akayapaka rangi mpaka yakafanana na gari la kweli.

Tangu tulipoweka meza ya kazi za mikono kwa watoto wa madrasa wakati wa likizo, tumepokea maneno mengi, matamu na makali. Makali zaidi yalikuja baada ya Iddi iliyopita, na yalihusu gari moja tu, la polisi. Hilo tutalifikia. Kwanza tuyajibu yale mengine, kwani wanaolikataa gari la polisi mara nyingi huanza kwa kuyakataa yote.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Wazee waliokulia mitaa hii wanayakumbuka magari ya waya: waya wa kufungia mizigo, kopo la sardini, matairi ya ndala zilizokatika, na usukani wa fimbo ndefu unaomwezesha mtoto kuliendesha gari lake akiwa amesimama wima kama bwana mkubwa. Tangu hapa mpaka Malawi, ambako magari hayo huitwa galimoto, watoto wameyaunda bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Kilichoongezeka ni maboksi. Ndugu zetu walioko Ubelgiji na Kanada wakija likizo huwaletea wapwa zao boksi lenye gari la plastiki lililo katika vipande, pengine mia na zaidi, vikiwa vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo. Mengi ya magari hayo yako katika skeli ya 1:24, na yale ya Kimarekani mara nyingi 1:25. Viwanda mashuhuri vya Japani viko katika mkoa mmoja, Shizuoka, wakiwemo Tamiya na Aoshima. Tamiya walianza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, wakaunda modeli za mbao, na plastiki wakaingia mwaka 1960. Tunalitaja hili kwa wale watoto wanaoona haya kwa kuwa gari lao ni la katoni na la mwenzao limetoka kwenye boksi. Hata hao wakubwa walianza na mbao.

Hapa mezani petu tumechagua skeli ya 1:20, kwa ajili ya wepesi wa hesabu. Kila mita moja ya gari la kweli inakuwa sentimita 5. Vijana walichukua tepu ya kupimia wakaiendea Probox ya jirani iliyokuwa imekaa siku kadhaa ikingoja petroli. (Aliyekuwa Burundi kati ya mwaka 2022 na 2024 hahitaji kuelezwa habari ya foleni za mafuta. Kipindi kile magari ya katoni ndiyo pekee yaliyokuwa na uhakika wa safari.) Probox ina urefu wa karibu mita 4.2, kwa hiyo la katoni likawa sentimita 21. Tairi lake lina kimo cha karibu sentimita 60, kwa hiyo linatakiwa sentimita 3, na kisoda cha chupa kina upana wa sentimita 3 na ushei. Mtoto aliyeligundua hilo alipiga takbira. Kwa siku mbili hakikuonekana kisoda hata kimoja mbele ya maduka ya avenyu yetu.

Lakini pikapu ni habari nyingine. Ina urefu wa mita 5.3 hivi, nayo kwa skeli yetu ni sentimita 26 na nusu, na matairi yake ni makubwa, karibu sentimita 3.8. Visoda havikutosha, gari likaonekana kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mwanawe. Wakarudi kwenye ndala, wakakata duara kwa wembe chini ya macho ya mkubwa mmoja. Wazazi wenzetu, mtoto aliyekuwa akilia kwa ajili ya mgawanyo shuleni alizifanya hesabu hizi zote kwa kalamu ya risasi juu ya boksi la sabuni, wala hakuna aliyemshikia fimbo.

Sasa tuje kwenye pingamizi la kwanza, nalo ndilo zito kwa sababu limetajwa kwa jina la dini. Tumeambiwa kwamba kuunda mfano wa kitu ni taswira, na taswira ni haramu. Tumelirudisha suala hili kwa maalim wetu, naye hakuona ugumu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.) kumuuliza, naye baada ya kumpa onyo kali akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Gari halina roho. Ni chuma, kioo na mpira, vilivyopangwa na binadamu. Wala Uislamu haukuja kuwanyima watoto vichezeo: Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mabawa ya vitambaa, na Mtume (s.a.w.) alipopewa sababu ya mabawa yale alicheka. Tuliangalie hilo vizuri. Kilikuwa kichezeo cha kuundwa kwa viraka, na mwenye kukicheka kwa furaha ni Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Baadhi ya maboksi huja na sanamu ndogo ya dereva au ya askari aliyesimama. Hapo wanazuoni wametofautiana, wapo wanaoruhusu kwa kuwa ni kichezeo cha mtoto na wapo wanaojizuia. Sisi mezani petu tumeamua kutoka katika khitilafu: viti vinabaki vitupu. Hakuna mtoto aliyelalamika, kwani kiti kitupu wanakikalia wao wenyewe kwa mawazo.

Pingamizi la pili ni kwamba huu ni mchezo wa Wazungu na kupoteza wakati. Hapa tunaomba ruhusa ya kubisha kidogo. Buyenzi inajulikana nchi nzima kwa mafundi wake wa magari. Wangapi kati yetu wamelelewa kwa pesa iliyotoka chini ya gari bovu? Nabii Daud (a.s.) alikuwa mfalme na akila kwa kazi ya mikono yake, na katika Surat Saba Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba alimlainishia chuma, akamwamrisha aunde deraya na azipime sawasawa pete zake. Amri ya kupima imo ndani ya amri ya kazi. Mtoto anayepima bodi ya Probox ili mlango wa katoni usipite nguzo yake yuko katika njia hiyohiyo, hata kama mikono yake imejaa gundi.

Na tulipomwita fundi mmoja wa rangi wa mtaani aje awaone watoto, ndipo tulipofahamu kwamba hakuna tofauti kubwa kati ya gari lake na lao isipokuwa ukubwa. Aliwashika mikono akawaambia rangi haifichi kitu. Bonde lililoachwa kwenye bodi, rangi ikishakauka itakuja kulitangaza. Kwa hiyo kwanza puti kwenye mwanya, kisha msasa, tena msasa laini zaidi, kisha praima, kisha rangi nyepesi nyepesi mara tatu badala ya nzito mara moja. Gari la plastiki huoshwa kwa maji ya sabuni kabla ya yote, kwa sababu kiwandani hubaki na mafuta ya kalibu na rangi hukataa kushika. Rangi ya mwanga hutangulia, ya giza hufuata. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine lazima mtu angoje, na hii kungoja ndiyo somo lililowashinda wengi. Tumeipangia swala: mkono wa kwanza baada ya Adhuhuri, wa pili baada ya Alasiri, na anayeishika rangi mbichi kwa papara alama ya kidole chake inabaki pale mlangoni mpaka Kiyama cha gari lile.

Kuna mama mmoja aliyetuandikia juu ya gundi, na barua yake tumeiona ni ya haki kuliko zote. Yeye anawaona mayibobo wa sokoni wakivuta gundi kutoka kwenye chupa, na hataki harufu ile iingie nyumbani mwake kwa jina la kazi za mikono. Mama, tumekusikia. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuiyeyusha plastiki yenyewe ili vipande viwili viwe kitu kimoja, na hiyo pamoja na tina na rangi za mafuta zina mvuke mkali unaodhuru kichwa na mapafu. Kwa hiyo kwetu hazitumiki ila uani, upepo ukipita, na mkubwa ndiye anayekaa na chupa mkononi na kuifunga. Katoni haihitaji hayo. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na rangi ya maji inatosha, na mikono huoshwa kwa sabuni. Mtoto mdogo asiyefikia miaka minane tunampa mkasi butu na katoni tu.

Gharama nayo tuipitie haraka. Boksi moja zuri kutoka nje ni dola 20 mpaka 40 kabla ya kulisafirisha, na mzazi mwenye kudaiwa ada ya shule akilinunua hilo tutasema waziwazi kwamba ni israfu. Katoni ni bure. Likija kama zawadi, mshukuruni mjomba.

Na mabinti waachwe wakae mezani. Tumemsikia baba mmoja akisema magari ni ya wavulana. Yule Jack Odell wa kiwanda cha Lesney cha Uingereza aliunda gari dogo la kushindilia barabara, dogo kiasi cha kuingia ndani ya kiberiti, ili binti yake aende nalo shule ambako vichezeo vikubwa kuliko kiberiti vilikatazwa, na huko ndiko yalikotoka magari ya Matchbox ya mwaka 1953. Binti ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Hapa kwetu mstari ulionyooka kuliko yote katika meza nzima ulipigwa na msichana wa miaka kumi.

Sasa gari la polisi.

Siku ya pili ya Iddi watoto walipanga magari yao juu ya meza katika uwanja wa madrasa ili wazazi wayaone. Palikuwa na Probox tano, basi dogo la HiAce, lori moja la mchanga, na magari mawili ya polisi. La kwanza lilitoka kwenye boksi la Kijapani: Toyota Crown ya doria, nyeusi chini na nyeupe juu kama yalivyo magari ya polisi wa Japani, na taa nyekundu juu ya paa. Kijana aliyeliunda alihangaika nalo wiki mbili, kwani rangi mbili zinazokutana katika mstari mmoja ndio mtihani mgumu kuliko yote katika kazi hii. Nyeupe ilipigwa kwanza, ikaachwa siku nzima, ikafunikwa kwa utepe wa karatasi uliokandamizwa kwa ukucha pembeni, ndipo nyeusi ikapigwa, na utepe ukabanduliwa taratibu kwa kuukunja kurudi nyuma. Maandishi yake ni vibandiko vinavyolowekwa katika maji ya uvuguvugu mpaka vikateleza vyenyewe kutoka kwenye karatasi. Watu wazima walilipiga picha kwa simu zao, wakasema mashaallah.

La pili lilikuwa la katoni. Ni pikapu, yenye mabenchi mawili nyuma yaliyopeana mgongo, ambako askari hukaa wakitazama nje kulia na kushoto, na neno POLICE mlangoni. Mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeliunda. Hakuweza kwenda kupima gari la polisi kwa tepu, na nani angemruhusu? Alikwenda gereji akapima pikapu ya aina ileile iliyokuwa imefunguliwa injini, na mabenchi akayapima kwa macho kila lilipopita. Lilikuwa sahihi. Hata ile ngazi ndogo ya nyuma aliiweka, kwa waya.

Kabla ya Alasiri mzee mmoja tunayemheshimu sana aliomba liondolewe. Mmoja wa walimu akalichukua, akalitia ndani ya boksi chini ya meza. Mtoto hakusema kitu. Jioni alilibeba akaenda nalo kwao. Na kwao, ndugu zetu, baba yake ni polisi.

Tunaomba tuanze na mzee, kwa sababu baadhi ya vijana wamemsema vibaya na hilo halifai. Mzee huyu alikaa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 80. Wasomaji wetu wa Uganda hawahitaji tafsiri, kwani maneno yenyewe ni ya Kiswahili na kule yamebaki na maana ya hofu mpaka leo: panda gari. Askari walikuwa wakizingira mtaa, wakiwatoa watu majumbani, na amri ikawa ni hiyo, panda gari, na wengi waliopanda hawakurudi. Mzee alituambia, "Nyinyi mmeona katoni. Mimi nimeona nyuma ya gari." Haikuwa mara ya mwisho gari kupewa maana ya namna hiyo. Karibu na uchaguzi wa Januari 2021 watu wa Uganda waliziita "drone" zile HiAce zilizokuwa zikichukua watu barabarani, gari lilelile ambalo kwetu ni basi la abiria, na ambalo Aoshima wanaliuza katika boksi. Na hapa Bujumbura, waliokuwapo mwaka 2015 wanajua jinsi mtu anavyoamka usiku pikapu ikisimama nje, akahesabu milango inayofunguliwa.

Kwa hiyo hatusemi mzee hana sababu. Tunachosema ni kwamba gari lisingeondolewa.

Tazameni kwanza lile la Kijapani lilivyobaki mezani likipigwa picha. Lau tatizo lingekuwa ni polisi kama polisi, yangeondoka yote mawili. Lililobaki ni polisi wa mbali, msafi, asiyemkamata mtu tunayemjua. Lililoondoka ni lile linalopita mbele ya nyumba zetu. Mtoto hujifunza nini hapo? Hujifunza kwamba kitu cha kweli hakiwekwi mezani, na kwamba ukitaka kusifiwa, unda cha wengine. Sisi tuliowapeleka gereji wapime Probox ya jirani hatuwezi kisha kuwaambia kwamba macho yao yafumbwe wakifika kwenye pikapu.

Halafu kuna riziki ya baba yake. Huyu ni mtu anayesali nasi safu moja. Analipwa mshahara mdogo kwa kusimama juani barabarani, na mtoto alichukua kile anachokiona baba yake akikipanda kila asubuhi, akakifanya kwa mikono yake, akakileta mbele ya jamaa siku ya Iddi. Tumekitia chini ya meza. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya baba yake ni ya aibu, lakini hakuna aliyehitaji kumwambia. Wapo polisi madhalimu, na dhuluma ni kiza Siku ya Kiyama, kwa mwenye sare na asiye na sare. Wapo pia wanaozuia wizi usiku tukiwa tumelala. Mtoto wa miaka kumi na miwili atawapambanuaje ikiwa wakubwa wake wamekwisha kuwaweka wote ndani ya boksi moja?

Na liko jambo ambalo wengi hawakuliona kwa kuwa gari liliondoka mapema. Siku alipokuwa akiliunda, yule mtoto alifika kwenye sehemu ya nyuma akasita. Akamuuliza msaidizi wetu, "Mabenchi haya ni ya askari. Waliokamatwa wanakaa wapi?" Msaidizi alimwambia ukweli, kwamba mara nyingi hukaa sakafuni kati ya miguu. Mtoto akafikiri, kisha akasogeza mabenchi kidogo ili pawe na nafasi. Akauliza tena kama waliokamatwa wote ni wezi. Yakazuka mazungumzo ya nusu saa pale mezani, ya watoto saba wakiwa na mikasi mikononi, juu ya mtu kukamatwa bila kosa, juu ya hakimu, juu ya uadilifu ambao Qur'ani imetuamrisha hata kama ni dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Tumefundisha aya hiyo miaka mingi kwa kuikariri. Hatukumbuki kama iliwahi kuulizwa kwa namna ile.

Watoto hawa tayari wanacheza polisi na wezi uchochoroni, na katika mchezo ule polisi ni yule mwenye mbio na mwenye nguvu, basi. Mtoto anayekimbia haulizi waliokamatwa wanakaa wapi. Anayeunda lazima aulize, kwa sababu asipojua hawezi kukata katoni.

Wapo pia wa upande wa pili, vijana wanaolipenda gari la polisi kwa ajili ya king'ora na bunduki. Kwao nao tuna neno. Mezani petu bunduki haziundwi, wala hakuna kuelekezeana kitu kama silaha hata kwa mzaha, kwani Mtume (s.a.w.) ametukataza kumwelekezea ndugu silaha. Namba ya gari la kweli haiandikwi, kwa kuwa namba ni ya mtu au ya kikosi fulani, na hatutaki mtoto aje kuulizwa maswali kwa ajili ya katoni. Nembo halisi pia tunaziacha. Neno mlangoni linatosha.

Tumezungumza na mwalimu aliyeliondoa, na tumekwenda kwa baba wa mtoto baada ya Ijumaa, akatupokea kwa heshima na kwa maneno machache. Mtoto alikuwa ameliweka gari juu ya kabati, limefunikwa kitambaa kuzuia vumbi. Hakukubali mara moja kulirudisha. Alisema taa ya mbele kushoto imepinda ndani ya boksi na hawezi kulileta hivyo.

Msimamo wetu, basi, ni kwamba Iddi ijayo, inshaallah, gari hilo liwe juu ya meza, katikati ya Probox na HiAce, mahali ambapo kwa kweli huwa liko barabarani. Mzee wetu tumempelekea habari kabla ya kuandika haya. Hakubadilisha kauli yake, naye ametwambia atakaa upande wa miti asilione. Ni haki yake, na chai yake tutampelekea hukohuko.

Kwa wanaotaka kujiunga likizo hii, njooni na mkasi, rula na katoni ngumu. Zile za vigae ni nzuri kuliko za tambi. Visoda tunavyo vya kutosha. Tunachokosa ni tepu ya kupimia, kwani ile ya kwanza imekatika kwenye mita 3, na watoto watatu wanataka kuunda gari la wagonjwa.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.